Daftari la Mbwa wa Jirani

Mfikirieni mama mmoja mwenye mapacha wa miezi mitano. Watoto hao walikuwa na muda mmoja tu wa kulala pamoja, saa nne asubuhi, na ndipo mama naye alipopata kufumba macho. Upande wa pili wa ukuta aliishi mzee aliyefiwa na mkewe, yeye na mbwa wake. Ikifika saa nne, mbwa anaanza. Pacha mmoja anashtuka, mwenzake anapokea, kama waliopatana.

Mama akaenda kupiga hodi. "Shikamoo mzee. Huyu mbwa wako ananimaliza."

"Marahaba, mwanangu. Mbwa wangu habweki."

"Habweki? Basi ninayemsikia ni nani, wewe?"

Mzee akacheka, akidhani ni utani. Mama akaona amedharauliwa, akaenda kushtaki kwenye baraza la kata. Mwenyekiti akamwambia aandike kwa wiki mbili: mbwa kabweka saa ngapi, na kulikuwa na nini. Akithibitisha, mbwa ataondolewa.

Kina mama, mmewahi kumwona mtu mwenye hasira akipewa kalamu? Aliandika mtoto mmoja akiwa mgongoni, mwingine akinyonya.

Siku ya kesi akasimama kusoma. "Jumatatu, saa nne mpaka saa tano na nusu. Mzee ametoka kwenda zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Jumanne, saa nne mpaka saa sita. Mzee ametoka, anachechemea. Jumatano, mbwa kimya. Mzee hakutoka, wala hakuwasha moto." Hapo sauti ikaanza kupungua. "Alhamisi, saa nne. Mzee ameanguka getini. Ameinuka mwenyewe, akaenda. Mbwa amebweka mpaka saa sita."

Mwenyekiti akamkatiza. "Hiyo Alhamisi alipoanguka, wewe ulifanya nini?"

Mama akabaki anatazama karatasi. "Niliandika," akasema.

Hapo mzee akasema. "Mwanangu, kumbe ulikuwa unasema kweli. Mimi nikiwepo hafungui mdomo. Sikujua kwamba nikiondoka analia. Basi nitampeleka kijijini kwa ndugu yangu, watoto wapate kulala."

"Na wewe ubaki na nani?" mama akamuuliza.

Mama akafunga daftari. "Usimpeleke, baba. Ukienda zahanati, mlete kwangu. Si umesema akiwa na mtu ananyamaza? Tutaona."

Sasa nisikilizeni. Kila neno aliloliandika yule mama lilikuwa kweli, na hilo ndilo linalonitisha. Alijua kidonda, alijua jiko lililolala bila moto, na akavijua vyote kwa sababu alikuwa anatafuta kesi. Sisi je? Hatujui ni nani mtaani kwetu hajaonekana tangu Jumapili? Tunajua. Tunajua mpaka rangi ya kanga aliyoivaa. Mnadhani Mungu atatuuliza kama ushahidi wetu ulikuwa sahihi?

Siwaambii mkabebe mizigo ya mtaa mzima. Najua mmechoka, na nyumbani kuna vyombo havijaoshwa. Lakini kila mmoja wetu, hapa alipokaa, ameshaukumbuka mlango mmoja. Tukitoka, pita kwanza hapo. Usijali kwenda mikono mitupu. Piga hodi, ukae kidogo.