Daraja la Kupewa

Wapenzi wa Bwana, tegeni masikio niwape habari ya vijiji viwili vilivyotenganishwa na mto mmoja.

Watu wa vijiji hivyo walikuwa watani tangu enzi za mababu. Nanyi mnajua kwamba utani una kazi yake: mtu akifa upande huu, mtani wa ng'ambo ndiye huja kuchimba kaburi, na papo hapo msibani humkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Lakini masika yalipofika mto ulifura, na aliyekufa majira hayo alizikwa bila mtani. Basi makanisa ya pande zote mbili yaliomba neno moja: "Bwana, tupe daraja."

Bwana akasikia. Akaja mhandisi wa halmashauri, akasema daraja litajengwa, lakini moja tu: ama kivuko cha juu, ama kivuko cha chini. "Pote panafaa," akasema. "Kubalianeni kabla mwaka wa bajeti haujafungwa."

Kivuko cha chini kilikuwa karibu na kijiji cha ng'ambo; cha juu kilikuwa mlangoni pa kijiji cha mwenyekiti mmoja, mtu mwenye bidii na ulimi mwepesi. Mama yake mzazi alikuwa kitandani, mgonjwa, na ombi lake lilikuwa hilo tu: "Mwanangu, nisizikwe kimya."

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akaanza: "Watani, tukiwaachia daraja hili, si mtaanika mihogo juu yake?"

"Heri sisi wa mihogo," akajibu mwenyekiti wa ng'ambo. "Ninyi mtalala katikati yake, maana mkishalewa hamjui hata mlango wa nyumbani!"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha yule wa ng'ambo akavua kofia. "Utani kando, ndugu yangu. Lijengwe kwenu. Sisi tutatembea."

Makofi yakarindima. Mwenyekiti akayasikia, akajua si yake. Moyo ukamwambia: daraja hili litaitwa sadaka ya wale mpaka wajukuu wako. Akasimama.

"Hatuombi huruma ya mtu. Kikao kitamke kwamba kivuko cha juu ni haki yetu, nanyi mkiri kwamba mlikosea kukishindania."

"Nimeshakupa, mtani. Wataka na magoti yangu?"

"Nataka haki."

Wazee wa ng'ambo wakainuka kwa hasira, na neno la kuachia kivuko likarudishwa. Kikao kikazaa kikao, barua ya malalamiko ikazaa barua, mwaka wa bajeti ukafungwa. Daraja likajengwa katika kata nyingine.

Masika yakaja, na mama akafa. Watani walifika hadi ukingo wa pili na majembe yao. Mwenyekiti aliwaona wakipaza sauti, lakini mto ulizimeza zote. Akalichimba kaburi yeye na nduguze, na hapakuwa na aliyecheka.

Maji yalipopungua, yule wa ng'ambo alivuka kuja kuhani. Mwenyekiti akamngojea kwa kiu, kama jangwa lingojavyo mvua. Laiti angemtukana! Laiti angemwita mvivu, mlevi, mchimba kaburi asiyejua kushika jembe! Mgeni akampa mkono kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Poleni sana, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. Akaketi kidogo, akaaga.

Hapo ndipo mwenyekiti alipolia kilio ambacho hakukilia kaburini.

Ndugu zangu, ni nani aliyemnyima mtu huyu daraja? Ni mto? Ni serikali? Abrahamu alimwachia Lutu achague upande autakao, na Lutu, pamoja na tamaa yake yote, angalau alichagua! Sisi tukiachiwa, twataka aliyetuachia apige magoti. Ni mara ngapi tumekesha tukimsihi Bwana, naye akatujibu kwa kinywa cha mtu tuliyekusudia kumshinda, tukalikataa jibu lake? Msimcheke mwenyekiti yule. Mhurumieni, kwa maana alipata alichokiomba, ila hakuipenda njia kiliyopitia.

Kesho tuna kikao cha barabara yetu. Tutakwenda na hoja, na hoja si dhambi. Lakini akisimama mtu wa upande wa pili akasema, "Chukueni ninyi," basi, kwa ajili ya Kristo, tuseme asante, tukae chini.