Mapipa ya Kiunoni

Mwaka ule jua liliwaka mpaka kobe akavua gamba akalitundika mtini. Msibishe, hakuna anayekijua kisa hiki kunishinda. Mito yote ilikauka, ikabaki chemchemi moja tu. Nyika nzima ikahamia hapo: wanakunywa, wanakula, wanatupa taka ovyo. Maji yakaanza kunuka. Yakiharibika hayo, wote kwisha.

Simba akanguruma, milima mitatu ikasogea. "Fisi! Leta mapipa ya taka. Yafike kiunoni, mtu asipate tabu kutupa."

"Sawa, Mkubwa."

Hakuuliza kiuno cha nani. Akaenda kumpima Twiga.

Mapipa yakaja marefu, mawingu yakawa yanayaegemea. Mnyama akirusha taka inagonga ubavuni, inaanguka chini. Fisi anapita, anaokota mifupa yote. Maganda na utumbo, upepo unasukumia majini. Fisi akanenepa, watoto wa Sungura wakaanza kuharisha.

Sungura akamwendea Simba. "Shikamoo, Mkubwa. Hebu tupa mfupa wako kwenye pipa, tukuone."

Simba akaruka. Mfupa ukamrudia puani. Nyika nzima ikatazama pembeni kwa adabu.

"Kiuno cha nani hiki?" Simba akauliza, taratibu.

"Cha Twiga," Fisi akasema. "Wewe ulisema kiunoni tu."

"Kumbe Twiga ndiye mkubwa hapa?"

"Mimi nilidhani napimwa nguo," Twiga akasema.

Simba akachomoa kucha. Sungura akamnong'oneza Fisi, "Kaka, ingia kwenye pipa, Simba hafiki humo. Halafu Twiga kabakiza paja zima la nyati mle ndani."

"Lina mafuta?"

"Yanachuruzika."

Fisi akapanda mgongo wa Twiga, akajirusha ndani. Akakuta majani ya mgunga. Twiga hajala nyama tangu dunia iumbwe, ila Fisi akisikia paja hafikiri.

"Nitoeni!"

"Utatoka na taka," Simba akasema.

Fisi akala majani humo mpaka mbavu zikahesabika kutoka ng'ambo ya bonde. Ndipo Tembo akalipindua pipa, na Fisi akamwagika na uchafu wake mbele ya wote.

Mapipa mapya yakapimwa kwa kiuno cha Sungura, maana anapofika yeye, kila mtu anafika. Maji yakatulia, watoto wakapona. Simba naye akitaka kutupa mfupa, anapiga magoti kwanza. Hakuna anayecheka.