Buti za Namba Sita

Buti likipwaya, usilaumu mguu. Mmemsikia Msimamizi Atuganile akimwambia karani maneno hayo asubuhi hii, mkaangaliana, maana dada aliyekuwa akisemwa alivaa kandambili, na mgongoni kabeba mtoto. Buti liko wapi hapo? Kaeni basi, vijana wa mafunzo, chai bado ina moto. Methali hii ilianza hivi.

Kampuni yetu ilikuwa ikijenga daraja la chuma kwenye Mto Lwanji. Atuganile alikuwa injinia kijana, mwanamke peke yake pale saiti, na alitaka kitu kimoja: usimamizi. Nao usimamizi ulikuwa na mila yake. Hukabidhiwi kundi la mafundi mpaka upande ngazi hadi kileleni mwa daraja, mbele yao, ukaze nati ya mwisho kwa mkono wako. Fundi hamtii mtu ambaye hajamwona juu.

Sasa, buti za stoo zilianzia namba tisa. Mguu wa Atuganile ni namba sita. Alifanya kama walivyofanya wanawake waliomtangulia: alichana kanga kuukuu, akashindilia vitambaa kwenye ncha za buti, akakaza kamba, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomponza. Aliogopa kwamba akisema, wangemwambia ameanza kudeka.

Siku ya kupanda, alifika katikati ya ngazi. Kitambaa kikahama, kisigino kikachomoka, mguu ukateleza. Mkanda wa usalama ukamdaka, akaning'inia kama popo, spana ikatumbukia mtoni. Mafundi wakaguna.

Injinia Kapinga, mkuu wa saiti, hakuwa mtu mbaya. Ana mabinti, na aliogopa kweli. Akaamuru ateremshwe, akampa maji, kisha akasema kwa upole. Upole huo ulimuuma Atuganile kuliko tusi.

"Dada, miguu ya kike haishiki ngazi. Si kosa lako. Kuanzia kesho utakaa ofisini na michoro. Kule juu basi."

Atuganile akainama asionekane akilia. Ndipo macho yake yakaangukia miguu ya mkuu. Kapinga alikuwa mfupi, mguu wake mdogo, na buti zimemkaa kama ngozi yake. Kila mtu aliijua ile rafu ya "buti za bosi" pale stoo. Zilikuwa zikiagizwa kwa ajili yake tu. Hakuna aliyewahi kuifikiria mara mbili.

"Mkuu, unavaa namba ngapi?"

"Sita. Kwani vipi?"

"Niazime."

"Nikuazime nini?"

"Buti. Wewe vaa zangu, usije ukachomwa na misumari."

Mafundi wakaangua kicheko. Kapinga alidhani ni mzaha. Alipomwangalia usoni akaona si mzaha. Akavua. Atuganile naye akavua zake, akachomoa vile vitambaa, akavitandaza juu ya ubao mbele ya wote. Kicheko kikafifia.

Akapanda. Hakuwa na haraka. Alipita pale alipoteleza, akaendelea, na alipofika kileleni akavuta spana nyingine kwa kamba, akaikaza ile nati. Huku chini Kapinga alikuwa roho juu. Akavaa zile buti za namba tisa, akataka kumfuata. Kidato cha kwanza, sawa. Cha pili, mguu ukaja, buti likabaki.

Mzee Lukosi, mtunza stoo, akashindwa kujizuia. "Bosi! Kumbe na ya kiume haishiki!"

Kapinga akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akacheka hadi akashika ngazi. Kisha akaacha kucheka. Atuganile alipotua, mkuu akamuuliza:

"Umevaa hizi tangu uanze kazi?"

"Hizo hizo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia mguu wangu ndio mdogo."

 Mkuu akamgeukia mtunza stoo. "Mzee Lukosi, agiza namba zote, kuanzia tano. Buti likipwaya, tusilaumu mguu."

Msidhani Atuganile alipewa usimamizi papo hapo. Alisubiri hadi daraja lililofuata, na kuna fundi aliyehama kundi kwa kukataa kuongozwa na mwanamke. Alikwenda zake, na daraja likasimama.

Sasa turudi kwa huyu dada wa kandambili. Ni mchomeleaji. Karani alitaka aondolewe kwa sababu kila siku anachelewa kurudi baada ya chakula cha mchana. "Wenye watoto hawana bidii," akasema. Atuganile hakugusa habari ya bidii. Aliuliza tu, "Ananyonyeshea wapi?"

"Nyumbani kwake. Ng'ambo ya mto."

"Na hapa kwetu kuna mahali?"

Karani akajikuna kichwa. Hapakuwa na mahali. Ndiyo maana leo dada kaamua kuja na mtoto mgongoni, kuliko kupoteza kazi. Na hizo nyundo mnazozisikia ni mafundi wanaweka mlango kwenye chumba cha zana, mama apate pa kukaa na mwanawe.

Haya, malizeni chai mkawasaidie kubeba mbao. Na siku mtakapokuwa wakubwa, mkaletewa mtu mkaambiwa hawezi, mtazameni kwanza amevishwa nini. Buti likipwaya, usilaumu mguu.