Chini ya Kidole Gumba cha Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya leo ina machozi. Mwenye mtoto ampakate.

Hapo zamani za kale palikuwa na digidigi wawili, mke na mume. Mke aliitwa Mwanamkasi, mume Nyawa. Wakila pamoja, wakilala pamoja. Ukiona masikio mawili kichakani, tafuta mawili mengine.

Mwaka mmoja ukaja ukame. Nyawa akasema, "Mke wangu, navuka mto nikalambe chumvi ng'ambo. Naenda, narudi."

Akaenda. Hakurudi.

Mwanamkasi akasimama ukingoni, masikio juu. Kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, puruu! Kasuku akatua. Kasuku ndiye aliyekuwa mkalimani, maana yeye peke yake alijua lugha ya manyani wa ng'ambo.

"Mama, nina habari. Mjumbe wa Mfalme Nyani ametangaza: Nyawa yuko chini ya kidole gumba cha mfalme."

Mwanamkasi akawaza. Alikwisha kuwaona manyani wakichambuana. Kinachoingia chini ya kidole gumba cha nyani ni chawa. Pa! Basi.

"Amesagwa?" akauliza.

Kasuku hakujua. Lakini aliona haya, mkalimani mzima, kusema hajui. Akasema, "Kidole ni kidole, mama. Pole."

Mwanamkasi akalia. Wanyama wakaja matangani, wakala majani, wakaenda zao. Yeye akabaki na kijiti. Digidigi hupaka machozi ya jicho lake kwenye vijiti, kusema hapa ni kwangu. Nyawa alikuwa amekipaka kimoja karibu na malalo yao. Kila asubuhi Mwanamkasi alikinusa. Kila asubuhi harufu ilipungua. Mvua zikanyesha, kijiti kikanuka mvua tu.

Kiangazi kikarudi. Mto ukapungua. Akasema, "Hata ukwato mmoja! Nikauokote, nikauzike kwetu."

Akavuka. Chubwi, chubwi, chubwi.

Ng'ambo akamkuta nyani mlinzi, aliyeokoteza lugha ya digidigi kwa Nyawa mwenyewe.

"Wataka nini, mama?"

"Nimefuata mifupa ya mume wangu, aliyesagwa chini ya kidole gumba."

"Mifupa gani? Kwetu sisi, kuwa chini ya kidole gumba ni kutawaliwa. Ukiambiwa simama, unasimama. Mumeo si yule, anafagia?"

Mwanamkasi akatazama. Fagia, simama. Fagia, simama. Amekonda, amepauka.

"Nyawa!"

Nyawa akageuka. "Mbona hukuja, mke wangu?"

"Niliambiwa umekufa."

Wakalia wote wawili. Kisha Mwanamkasi akamwendea Mfalme Nyani, akapiga magoti, akamwomba mumewe, mlinzi akifasiri.

Mfalme akasema, "Alilamba chumvi yangu bila hodi. Nilituma habari ili watu wake waje kumwomba. Mwaka mzima hakuja mtu. Mchukue."

Basi, neno moja tu! Mwaka mzima!

Wakarudi kwao. Lakini mbele ya majani mabichi Nyawa akasimama. "Nile?"

"Kula, mume wangu."

Kulipokucha, "Niamke?"

Kila jambo anauliza. Mwanamkasi alikuwa naye, na bado alimkosa.

Kasuku akaja, kichwa chini. "Nisamehe, mama. Niliona aibu kusema sijui."

"Aibu yako ya siku moja imenila mwaka," akasema Mwanamkasi. "Huyu imemla zaidi."

Siku zikapita. Asubuhi moja akaamka, hakumwona Nyawa. Akatoka mbio, moyo du! du! du! Akamwona kule mbali, peke yake, anakula. Hakumwuliza mtu.

Mwanamkasi hakumwita. Akasimama palepale akimtazama.

Jamani, neno la wageni lina mwili na lina roho. Mkalimani asiyeijua roho ya neno na aseme: sijui. Nawe uliyepewa habari nzito, vuka ukaulize kabla hujaketi matangani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, wa kwanza kuionja ni mimi.