Kwa Nini Ncha za Vidole Zina Mistari

Kwaru. Kwaru. Kwaruu. Watu wamelala, ukungu umefunga milango yote, na mlio huo ukasikika kijiji kizima, ila kwa ajili ya ukungu hakuna aliyejua unatoka upande gani, kila mtu alidhani ni kwenye ukuta wake. Mwingine alisema ni panya. Mwingine alijifunika gubigubi akaacha kusema. Alikuwa ni mama mmoja kijana, Nyevu, anakwangua ukuta wa nyumba yake kwa kigae cha chungu, na ndani ya nyumba hiyo mkeka wa mtoto ulikuwa mtupu. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila mniache nianzie nyuma kidogo, maana nikianzia kwenye ule mkeka sitafika mbali.

Enzi hizo ncha za vidole vya watu hazikuwa na mistari. Zilikuwa laini tu, kama bakuli kwa ndani. Ukishika masizi, ukashika ukuta, unaacha doa, na doa langu na doa lako ni mamoja, hakuna wa kuyatofautisha. Watu hao walikaa juu ya mlima ambao kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, ulishukiwa na ukungu mzito kiasi kwamba unanyoosha mkono na mkono wenyewe huuoni. Na kuita hakusaidii. Unaitwa huku, unasikia kule, unakwenda kule, kumbe ni korongo.

Basi walikuwa na desturi yao. Mwanamke akijifungua, kabla mtoto hajatolewa nje, anakandika upya ukuta wa kulia wa mlango, na udongo ukiwa bado mbichi anachora humo kwa kidole chake, achore anachotaka. Ukikauka, mtoto anashikishwa pale kila akitoka na kila akiingia, mpaka kiganja kinaujua mchoro kama ulimi unavyoyajua meno. Ukungu ukishuka mtoto hapotei. Anapita akipapasa kuta: si hapa, si hapa, hapa! Anaingia. Na michoro yenyewe jamani ilikuwa vituko. Mmoja alichora jongoo. Mwingine alichora jogoo, watu wakaapa ni chungu chenye miguu, akanuna mwaka mzima. Lakini wanawe hawakuwahi kukosea mlango.

Nyevu aliolewa hapo kutoka bondeni, ambako hakuna ukungu wala desturi hiyo. Alipomzaa Dama, binti yake wa kwanza, alisimama mbele ya udongo mbichi asijue pa kuanzia, na wanawake wamemzunguka wanamtazama. Kidole kikaenda chenyewe, kikapinda, kikarudi, kikapita juu ya kilipopita. Mavyaa wake, mama wa mumewe, akasogea, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mkaza mwanangu, hiki ni nini? Matumbo ya mbuzi?"

"Mama Dama," jirani akadakia, "basi tia na chumvi tule."

Walicheka, naye akacheka nao, si unajua ukiwa mgeni unacheka tu. Ila kila alipopita mlangoni alikuwa hautazami ule ukuta.

Mlangoni kwa mwanamke mmoja aitwaye Mbodze kulikuwa na kanga, wale ndege wa porini, wamepangwa mstari, madoa yao yamechomwa kwa ncha ya kidole, doa kwa doa, na chini yao wimbi moja refu. Ukiwaona unataka kupiga makofi uone kama wataruka. Watu walitoka milima mingine kuja kuwatazama. Jirani yake akamwambia, dada, nami natamani wa kwangu uwe hivyo, na Mbodze, nani asiyependa kusifiwa, akamfundisha. Huyo akamfundisha wa pili. Hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa aibu tu kuwa na jongoo mlangoni wakati mwenzako ana kanga. Jongoo akakwanguliwa, chungu chenye miguu kikakwanguliwa, na kijiji kikapendeza, kwa kweli kilipendeza.

Nyevu alikuwa wa mwisho. Alijifunza kwenye majivu ya jikoni, anachora ndege, anafuta, anachora, mpaka mkono ukashika. Siku alipokwangua matumbo yake ya mbuzi, Dama, ambaye sasa alikuwa anakimbia na kuongea, alisimama akamtazama.

"Mama, imekwenda wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Yetu."

"Yetu ndiyo hii sasa. Ona, ndege!"

Mtoto akamgusa ndege mmoja, akaondoa mkono. Mavyaa ndiye aliyefurahi. Alikuja, akapitisha mkono, akatabasamu, akasema, "Sasa umekuwa mtu wa hapa." Nyevu alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu siku aliyoletwa. Usiku ule alilala vizuri.

Ukungu wa mwaka huo ulishuka asubuhi, ghafla, Dama akiwa nje anamfukuza mwanambuzi. Yaliyotokea yalijulikana baadaye, kila mtu akaleta kipande chake. Mtoto alipapasa ukuta, akakuta kanga, akaingia akiita mama. Mwenye nyumba akacheka, "Si hapa, mwanangu, kwenu mbele." Akaenda mbele, akapapasa, akakuta kanga, akaingia. Si hapo. Akatoka. Akapapasa, kanga. Si hapo. Sasa yeye akili yake ndogo ikajifunza jambo moja: penye kanga si kwetu. Akafika ukuta mwingine, akapapasa, akakuta kanga, na safari hii hakuingia hata, akageuka akaenda zake. Na huo ndio uliokuwa mlango wa kwao.

Nyevu alikuwa ndani anachochea moto. Alivisikia vile vidole ukutani. Akadhani ni kuku. Mimi nikifika hapa hunibidi nimtazame mwanangu kwanza alipo.

Walimtafuta kutwa. Wanaume walijifunga kamba moja kiunoni, baba yake Dama akiwa mbele, wakaita, ukungu ukawarudishia sauti zao kutoka kila upande, wakarudi wamelowa bila mtoto. Giza likaingia. Ndipo Nyevu alipookota kigae akaanza kukwangua kanga.

Alikwangua wote. Akakanda udongo, akaukandika, akanyoosha kidole arudishe matumbo yake ya mbuzi. Kikatoka kichwa cha kanga. Akafuta. Akafumba macho akaanza tena, kikatoka doa, doa, doa, na wimbi chini yake. Mkono ulikuwa umesahau. Yaani ni mkono wake mwenyewe, ameuning'iniza begani miaka yote, na sasa haujui kitu chochote isipokuwa cha mwenzake. Alifuta na kuchora mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na udongo ukaingia kwenye vidonda.

Mtu akaja akifuata ukuta kwa kiganja.

"Mama Dama, ni wewe unayekwaruza?"

"Ni mimi. Au ni wewe, dada Mbodze, mimi sijui tena."

Mbodze akachuchumaa kando yake. "Leo nami nimerudi kwangu," akasema, "nimeingia, nimekaa, nimechochea moto, nimeonja na mboga. Mara mume wa mtu akakohoa kitandani."

Nyevu alicheka. Kilitoka kicheko kibaya, kikageuka, akalia, na Mbodze naye akalia.

"Niambie mchoro wako ulivyokuwa, nikuchoree," Mbodze akasema.

"Ukichora wewe utatoka kanga."

"Kweli. Utatoka kanga."

Ukungu ulikuwa unadondoka kwenye makuti, to, to. Halafu Mbodze akasema, kwa kumtuliza tu, "Pengine saa hizi amelala mahali."

"Hawezi kulala," Nyevu akasema. "Halali mpaka azungushe kidole utosini, pale nywele zake zinapoanzia, anazungusha hivi, polepole, halafu mzunguko unapanuka, halafu kidole kinateleza kuja upande wa sikio, hapo anasinzia kidogo, anashtuka, anarudi katikati anaanza tena, mimi nikimnyonyesha nilikuwa naweka kidevu pale pale, natamani, dada, natamani niweke kidevu pale hata sasa hivi, hivi, kinazunguka hivi..."

"Mama Dama," Mbodze akasema taratibu, "papasa ukuta."

Alikuwa ameuchora. Kidole chake kilikuwa kinapita udongoni muda wote alipokuwa anasema. Haukuwa kanga, na wala hayakuwa matumbo ya mbuzi yale ya zamani, yale yalishakwenda. Ulikuwa ni hamu tu, jinsi ilivyomzunguka.

Akajaza udongo kwenye kapu, wakafungana kamba yeye na Mbodze, wakatoka. Kila jiwe waliloligonga kwa goti, kila mti waliojikwaa kwenye mizizi yake, Nyevu alipaka udongo, akachora. Mbodze alikuwa anakanda tu na kupokeza, hakugusa hata mara moja kwa ncha ya kidole. Walikwenda hivyo mpaka kwenye miamba ya ukingoni, na udongo ukaisha, na kwa Dama hawakusikia hata chafya.

Walirudi. Nyevu akajilaza kizingitini, shavu chini, kama mtu anayesikiliza ardhi.

Mtoto alikuwa amejibanza nyuma ya mmoja wa miamba ile. Baridi ilipomzidi alinyoosha mkono ajishikize asimame, na kidole chake kikaingia kwenye kitu kilichokuwa kinazunguka. Kikakifuata. Kilikwenda kilivyokuwa kikienda kila usiku, katikati, kikapanuka, kikateleza upande. Akahisi usingizi, halafu akahisi mama. Akapapasa mbele yake, akagusa mti, nao ulikuwa hivyo hivyo. Na jiwe.

Kizingitini, Nyevu alisikia vidole vidogo ukutani. Hakuthubutu kupumua. Vikazunguka, vikapanuka, vikateleza, vikasimama. Halafu sauti ndogo, ya mtu aliyeuliza sana siku hiyo na kujibiwa vibaya:

"Hapa ni kwetu?"

Walipooshana udongo asubuhi haukutoka wote. Vidonda vya mama vilikauka na mistari ndani yake, na vidole vya mtoto, kwa kule kupitishwa kwenye udongo mawe yote yale, vikabaki na mistari midogo inayozunguka.

Ukungu ulipopanda, wanawake wakauona ule mchoro peupe, na ulikuwa mzuri. Mtu wa kwanza kufika na udongo mkononi alikuwa mavyaa. "Mkaza mwanangu, na mimi unifundishe huo wa kuzunguka." Na nyuma yake wengine wamepanga foleni.

Nyevu hakuwahi kumpandishia sauti mavyaa wake, ila siku hiyo alipiga kelele. "Mama, nakuomba! Mkiuchukua huu, mwanangu atapapasa nini tena? Wa kwako uko kwako, kautafute!"

Wakarudi wamenuna. Wengine walisimama mbele ya kuta zao mpaka udongo ukawakaukia mkononi. Jongoo alirudi. Chungu chenye miguu kikarudi, na safari hii mwenyewe akakubali ni chungu. Mbodze ndiye aliyechelewa kuliko wote. Alikaa siku nyingi mbele ya ukuta mtupu, akimtafuta yule Mbodze wa kabla ya sifa, na alipochora, alichora kitu kidogo chini kabisa, karibu na ardhi, ambacho hakuna aliyekielewa, naye hakukieleza.

Lakini Nyevu hofu haikumtoka. Ukuta unaigwa. Ukuta unaanguka kwa mvua. Ukuta, mwenye nyumba mwenyewe anaweza kuukwangua ili apendwe, yeye si anajua. Aliposhika mimba nyingine alikuwa anashtuka usingizini anahema. Ndipo akaanza kuchora juu ya tumbo, kwa vidole vile vyenye makovu, taratibu, mahali ambapo jirani hapiti na mvua hainyeshi. Mtoto alipozaliwa, ncha za vidole vyake zilikuwa na mistari tayari. Haikuwa ya Dama wala ya mama yake. Ilikuwa yake.

Wajawazito wengine wakaona, na kitu pekee walichomwiga Nyevu ni kule kushika tumbo. Kilichochorwa, kila mmoja alikitoa kwenye hamu yake. Basi kuanzia mimba ile hakuna mtu anayezaliwa na vidole vitupu, na dunia nzima hutapata vidole viwili vilivyochorwa sawa. Na mpaka leo ukimwona mjamzito amekaa peke yake anapitisha mkono tumboni, anazungusha, anazungusha, muulize anafanya nini. Atakwambia mtoto amepiga teke. Usimbishie. Anachora, na anamnong'oneza aliye ndani: huu ni wako, mwanangu, wako peke yako, na mimi sitamwambia mtu mwingine yeyote.