Jezi ya Waliojileta

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kuoa, ni zamani hii ya karibuni ambayo watu walishajua kuvaa soksi, palikuwa na chuo cha ualimu juu ya miinuko ya Gidamuna, kwenye baridi la kung'ata masikio. Chuo kile kilisifika kwa mbio ndefu. Kusoma walisoma, lakini kukimbia ndiko walikokujua.

Timu ilikuwa ya kuchaguliwa. Mwalimu Gwandu alizunguka mashuleni akiokota wasichana wenye miguu kama mtu anavyochambua mbegu. Ila kila mwaka aliacha jezi moja ya kijani haina mwenyewe, akaitundika kwenye mti wa goli, akasema, "Hii ni ya atakayejileta. Sikumwita, simjui. Aje akimbie tumwone."

Waliokuja hivyo wakaitwa wa kujileta, na jina lenyewe lilikuwa tusi.

Mwaka mmoja walijileta watatu. Wa kwanza alikuwa Fausta, mrefu, mwembamba, kimya kama jiko lililozimwa. Mwaka uliotangulia alijileta akawa mkia, akaingia uwanjani wenzake wameshaoga. Mwaka uliofuata angekuwa ameshamaliza chuo, yuko darasani na chaki yake. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi tena. Aliitaka jezi ile mpaka akipita golini anageuza uso, asionekane anaitazama.

Wa pili Agripina, kifua mbele, mdomo mbele zaidi. Wa tatu Restituta, mfupi, aliyekulia kuchunga ng'ombe juu ya kilima kile kile. Huyu alikuja kukimbia kavaa sketi.

Wale waliochaguliwa wakakaa pembeni wamejifunika mashuka, kazi yao kucheka.

"We dada wa sketi, unakwenda mbio au kanisani?"

"Nakwenda kukuzidi," Restituta akasema. "Shika shuka lako vizuri."

Mwalimu Gwandu akanyoosha kidole. "Mnashuka mtoni, mnapanda kilima, mnapita ukingoni mwa korongo, mnarudi hapa. Lile rimu la lori tunaloligonga kuitia vipindi mnaliona? Atakayeligonga kwanza, jezi yake. Sitaki maneno."

Hakutaka maneno. Mtaona aliyapata mangapi.

Wakashuka mtoni pamoja. Wakaanza kupanda, wakakutana na upepo. Upepo wa Gidamuna haupigi, unasukuma, kama mlevi mlangoni. Agripina akatangulia, akaupasua. Akapanda, akaupasua. Machozi yakamtoka yakaishia masikioni.

"Njoo na wewe mbele kidogo, mwenzangu!" akapiga kelele.

Fausta akasikia. Hakwenda. Akajibana nyuma ya mgongo ule kama kuku nyuma ya ghala, na mwili wake ukapumzika huku unakimbia. Aliona aibu, lakini miguu haikuona.

Walipofika juu, wingu likaketi. Nasema likaketi, kama mama mnene kwenye kigoda. Agripina akasimama. Fausta akasimama. Mkono wake mwenyewe hakuuona. Na pale ukingoni njia hugawanyika: moja inarudi nyumbani, nyingine inaishia hewani, chini yake ni mawe.

Akasikia sketi inampita, chwa, chwa, chwa. Restituta hakupunguza hata mwendo. Kilima kile alikijua kwa nyayo. Angenyamaza, angeondoka zake, angefika peke yake kama malkia. Lakini mara ikatoka sauti, ule mwito wa wachungaji wa kukusanya ng'ombe siku za ukungu, mrefu, wa kupanda na kushuka: "Hoooo-iii! Hooo! Nifuateni nyie, msiende kushoto! Hoooo-iii!"

Fausta akaifuata. Nywele zilimsimama. Yeye kwa kukimbia tu pumzi ilikuwa inamkwaruza kifua, na huyu anakimbia mbele yake huku anaita, anakimbia anaita, wala sauti haitetemeki. Alijiona kama anavutwa kwa kamba iliyofungwa moyoni.

Alisimuliwa baadaye kwamba kule uwanjani nako ilisikika sauti inashuka kutoka winguni, haina mtu. Wale wa mashuka wakaacha kucheka. Ng'ombe wa jirani waliokuwa wakila majani nyuma ya goli wakainua vichwa, wote, wakaanza kutembea kuielekea. Mwalimu Gwandu akavua kofia, na hakujua kwa nini kaivua.

Kwenye safu ya mikaratusi, uwanja ukiwa hatua chache mbele, sauti ya Restituta ikakatika. Ilikwisha, kama maji mtungini. Akawa anakohoa, miguu inagongana. Na Fausta alikuwa na miguu mizima, aliyoitunza nyuma ya mgongo wa mtu na kuifikisha kwa sauti ya mtu.

Akampita.

Enyi watu, mbio zile! Waliokuwepo wanasema hakukanyaga chini. Alitokea kwenye ukungu kama mkuki, akaokota jiwe, akaligonga rimu. Ngaa!

Akagonga tena. Akagonga tena. Restituta akaingia akikohoa, Fausta anagonga. Agripina alikuwa amebaki nyuma winguni, hana tena sauti ya kufuata, Fausta anagonga, mpaka jiwe likamchana kiganja. Agripina alipochomoza kwenye mikaratusi, ameifuata kengele, ndipo mkono ukashuka.

Mwalimu Gwandu akaitoa jezi golini. Kabla hajafungua mdomo, Agripina akamfungulia.

"Mwalimu, huyu alipanda kilima mgongoni kwangu! Nilimwita mbele, akajifanya kiziwi. Upepo wote nimeula mimi. Na hilo rimu alikuwa anajisifu tu!"

Restituta akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Hakujisifu, alikuwa anakuita wewe, usiye na shukrani. Lakini mimi nilianza kuwaita. Ningenyamaza, nyie wawili mngekuwa korongoni na mimi nimeshavaa."

"Na wewe Fausta?" Mwalimu akauliza.

"Ulisema atakayegonga kwanza," Fausta akasema. "Nimegonga."

"Uligonga kujisifu au kumwita?"

Fausta akakitazama kiganja chake chenye damu. "Mkono ulikataa kuacha, Mwalimu. Sijui zaidi ya hapo."

Mwalimu Gwandu, yule asiyetaka maneno, akasimama na jezi mkononi, na ng'ombe wale wamemzunguka Restituta wanamnusa sketi.

Haya, nyie mnaotafuna mahindi yangu bila kuchangia hata kuni. Mmoja aliukata upepo, mmoja aliitoa njia kooni mwake, mmoja alikimbia kama hajazaliwa na mtu. Jezi ni moja na haikatwi na mkasi. Je, avikwe nani?