Mlinzi wa Lango Aliyekuwa Ng'ambo

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeo, aliishi fukara mmoja jina lake Ngwali, aliyekuwa mpishi wa askari, na ukitaka kujua aibu zake ulikuwa huna haja ya kuuliza jirani, maana mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzitangaza. Wenziwe waliorudi vitani ng'ambo ya bahari walikuwa wakikaa barazani wakihadithia vichwa walivyokata na ngome walizozipanda. Zamu ya Ngwali ikifika, husema, "Mimi nilitapika. Nilianza kabla chombo hakijang'oa nanga, nikaacha tulipofika nchi kavu, kisha nikakumbuka kuwa iko siku tutarudi, nikaanza tena." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye akawaonyesha kovu la mkononi, akasema adui aliyemjeruhi alikuwa mmoja tu, naye ni chungu cha uji.

Basi watu wakampenda Ngwali, yaani walimpa kahawa ya bure na hawakumwamini hata kidogo. Mimi ninayewasimulia siwalaumu. Akija mtu kwangu na jambia nitamwamini kila anenalo, na akija na mwiko nitamwuliza kumepikwa nini.

Sasa sharti niwaeleze desturi ya mji ule, kwani bila hiyo hekaya yangu haiendi popote. Jeshi lilipotoka kwenda ng'ambo, kila askari akifika ufukweni alipewa na karani kete moja, yaani ganda dogo la kauri, akaidondosha kapuni na kutaja jina lake, na karani akaliandika daftarini, kwamba fulani amevuka. Waliporudi, kila mmoja alichukua kete moja, na zilizobaki kapuni zikawa ndizo roho zilizobaki ng'ambo. Asiyedondosha kete aliandikwa kuwa amebaki kulinda lango kuu la mji. Wanawake hawakufika ufukweni siku hiyo, kwa kuwa ilihesabiwa ni mkosi. Na kila Siku ya Mwaka daftari husomwa uwanjani mbele ya watu wote.

Karani wa zamani alikuwa mzee mpenda chakula. Alisoma majina ya waliokufa, kisha akasema, "Na wengineo," watu wakaenda zao kula. Ikawa mzee yule alipofariki akaja karani mpya, kijana Bahasani, aliyeipenda kazi yake kupita kiasi. Siku ya Mwaka ilipofika akasoma kila mstari, bila kuruka hata nukta, jua likimchoma na watu wakipiga miayo. Akafika mahali akasoma, "Ngwali mpishi. Hakuvuka. Alilinda lango kuu tangu jeshi lilipotoka hata liliporudi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana watu walidhani ni mzaha mwingine wa Ngwali. Hata Ngwali mwenyewe akacheka. Kisha akamtazama mkewe, Bi Kazija, akaona hacheki.

Ngwali na Bi Kazija walikuwa wamejaliwa mtoto mmoja, binti aliyeitwa Mize. Baba alipokuwa vitani Mize alishikwa na homa, akafa, akazikwa na mjomba wake Silima. Na lango kuu la mji halikuwa mbali na nyumba yao. Aliyesimama langoni angeweza kusikia kuku wao wakilia.

Walipofika nyumbani Bi Kazija akasema, "Baba Mize, mwanao alikuita mchana kutwa. Nilimwambia baba yuko ng'ambo, hasikii."

"Nilikuwa ng'ambo, mke wangu."

"Nilikuona ukitoka mlangoni. Ulikokwenda sikukuona. Na tangu urudi hujapata kunihadithia vita hata siku moja. Waume wa wenzangu wanahadithia vita. Wewe umenihadithia matapishi."

Akakunja mkeka wake, akautia kwapani, akaenda zake kwa kaka yake Silima. Ngwali akatafuta neno la kuchekesha, kwa kuwa ndiyo silaha pekee aliyowahi kuishika vizuri, asilipate. Akakaa kizingitini akalia. Watu waliopita wakadhani anaigiza, wakamwambia safari hii amepatia.

Kesho yake akaenda kwa Sultani Shekuwe. Akapiga magoti, akasema, "Maulana, daftari lako limenikosea. Nilivuka bahari pamoja na jeshi lako. Naomba mstari wangu usahihishwe."

Sultani akasema, "Ewe Ngwali, daftari hili liliachwa na babu yangu kwa baba yangu, na baba yangu akaniachia mimi. Halijapata kukosea. Nikifuta mstari mmoja leo, kesho kila mwoga wa mji huu atakuja kudai ushujaa. Na maneno ya wenzako wa barazani hayafuti wino. Kete yako iko wapi?"

"Niliimeza, Maulana."

Baraza likacheka. Waziri akacheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni.

"Niliitia kinywani," akaendelea Ngwali, "kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa na mzigo. Nikaamrishwa, 'Haya, nenda,' nami nikaitika, 'Labeka.' Ikawa kuitika na kumeza vimekuja pamoja. Kwa hiyo kete ilivuka bahari, Maulana, ila ilivuka kwa njia yake. Iliposhuka ng'ambo sikuitafuta."

"Na ulibeba mzigo gani uliokuzuia hata kudondosha kete?"

"Mzigo wenye heshima kubwa, Maulana. Sithubutu kuutaja mbele za watu."

Sultani akapangusa machozi ya kicheko, akaona ampe mpumbavu huyu jambo la kumshinda, asirudi tena. Akasema, "Nitakutendea haki. Niletee shahidi mmoja, aliyevuka pamoja nawe, naye asiwe amedondosha kete. Ukimleta, daftari litasahihishwa. Usipomleta, sitaki kusikia tena habari za matapishi yako." Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kuisifu hekima ile, maana asiyedondosha kete hakuvuka, na aliyevuka alidondosha. Shahidi wa namna hiyo hajazaliwa.

Ngwali akainama. "Nimesikia na nimetii. Na mpaka nimlete, Maulana, lililoandikwa daftarini ndilo la kweli?"

"Ndilo la kweli, kwa mkubwa na kwa mdogo."

"Basi naomba ruhusa nirudi kazini kwangu."

Akapewa ruhusa, na kila mtu akadhani anakwenda jikoni.

Ijumaa ilipowadia, Sultani na watu wake wakatoka kwenda kusali, maana msikiti mkuu ulikuwa nje ya lango. Mara Ngwali akaja na mwiko begani, akawaambia walinzi, "Poleni na kazi, ndugu zangu. Nimekuja kushika zamu yangu." Wakataka kumsukuma. Akasema, "Mwiteni karani kwanza."

Bahasani akaja na daftari, akafunua, akasoma, na uso ukambadilika. "Ni kweli," akasema. "Vita vilipokwisha, walinzi wote wa lango waliondolewa zamuni kwa majina. Ngwali hakuondolewa." Na haikuwa ajabu, kwa kuwa siku ile Ngwali hakuwa langoni, alikuwa ufukweni akitapika. Lakini daftari halikuyajua hayo. Na sheria ya Kiwandeo ilikuwa kwamba anayemgusa mlinzi wa zamu hukatwa mkono. Walinzi wakaitazama mikono yao, wakaipenda, wakakaa kando.

"Nisomee na amri ya zamu, mwanangu," akasema Ngwali.

Karani akasoma, "Lango lifungwe. Asifunguliwe mtu, hata akijiita Sultani, mpaka Sultani arudi kutoka ng'ambo." Iliandikwa hivyo kwa sababu maadui wa zama zile walikuwa hodari wa kujigeuza sura. Basi Ngwali akafunga lango, akatia komeo la nje, akasimama mbele yake na mwiko wake.

Sala ikaisha. Sultani akarudi na waziri na wakubwa wa mji, jua la utosi, na harufu ya biriani ikiwajia kutoka ndani. Wakakuta lango limefungwa na mpishi amesimama.

"Fungua," akasema Sultani.

"Nani wewe, bwana?"

"Huoni? Mimi ni Sultani."

"Nimeonywa kuwa watakuja wa kusema hivyo. Mimi namngoja Sultani arudi kutoka ng'ambo."

"Nilirudi zamani, ewe mwendawazimu."

"Ili mtu arudi, bwana wangu, sharti awe amekwenda. Karani, hebu tazama. Sultani alidondosha kete?"

Bahasani akageuza kurasa, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Akasema kwa sauti ndogo, "Haimo, Maulana. Hakuna karani ambaye angethubutu kukupa kete, kama kwamba roho yako nayo ni ya kuhesabiwa kapuni."

"Basi Sultani hakuvuka," akasema Ngwali. "Wala hakulinda lango, maana tungekuwa zamu moja na ningemwona. Nashangaa alikuwa wapi vita vizima, lakini mimi ni mlinzi tu, si kazi yangu kushangaa."

Watu wakaanza kuinamisha nyuso ili wasionekane midomo. Sultani akaghadhibika, na njaa ikamwongezea. Akasema, "Nilivuka! Jeshi zima liliniona. Kukosa kete si kukosa kuvuka!"

Hapo Ngwali akalaza mwiko chini, akapiga magoti mavumbini. "Maulana, uliniagiza nikuletee shahidi aliyevuka na asiyedondosha kete. Huyo nimemleta. Amekiri kwa ulimi wake, mbele ya watu waliotoka kusali sasa hivi."

Sultani akamtazama, akamtazama na karani, kisha akasema polepole, kwa kuwa hakuwa mjinga, "Nilisema shahidi awe amevuka pamoja nawe. Mimi nilivuka. Wewe nakujuaje?"

"Maulana, siku ile maji yalikuwa ya kiunoni. Ulifikaje chomboni na viatu vyako vikavu?"

"Nilibebwa mgongoni."

"Na nani?"

Sultani akasema, "Sikumwona uso. Aliyepanda haoni ila kisogo."

Ngwali akaomba ruhusa ya kusogea. Akafika, akamnong'oneza Sultani sikioni, na hakuna aliyesikia. Mimi nimelipata neno lile kwa njia nisiyoweza kuitaja, na kwa kuwa kinywa changu hakina komeo nitawaambia. Alimwambia, "Tulipofika katikati mguu wangu uliteleza, Maulana ukanishika masikio yote mawili ukasema, 'Mama yangu, nakufa.'"

Sultani akamwambia kwa sauti ya chini, "Umelijua jambo hili miaka yote hii, na hukulihadithia barazani, hata kwa kikombe kimoja cha kahawa?"

"Mimi hujicheka mwenyewe, Maulana. Aibu ya mtu sikupewa niichezee."

Sultani akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea lango lake mwenyewe, na watu nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, kama ilivyo kawaida ya watu wa baraza. Akasema, "Lango lifunguliwe. Ngwali, umeondolewa zamuni. Karani, shika kalamu. Andika kuwa Ngwali alivuka, na kuwa alipigana kama simba, akaangusha mashujaa wengi wa adui."

"Hapana, Maulana, nakusihi," akasema Ngwali. "Ukiniandikia ushujaa, utakuja karani mwingine aniulize vichwa viko wapi, nami sina hata kimoja cha kuonyesha ila hiki changu. Niandikie yaliyokuwa. Na lisomwe uwanjani leo, kabla watu hawajatawanyika."

"Na zawadi wataka nini?"

"Mstari mmoja zaidi," akasema, akamwambia karani maneno yake.

Basi watu wakakusanyika. Bi Kazija naye akaja, akasimama nyuma ya kaka yake Silima, mtandio ameushika mdomoni. Karani Bahasani akasoma bila kuruka hata nukta:

"Ngwali mpishi. Alivuka. Hakudondosha kete kwa sababu mikono yake ilimbeba Sultani, na kete aliimeza. Alitapika kwenda na kurudi. Aliungua mkono kwa uji. Hakuua mtu. Mwanawe Mize alipougua na kufa, baba yake alikuwa ng'ambo, na habari haikumfikia mpaka alipofika mlangoni kwake."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Ngwali akarudi nyumbani, akakaa kizingitini pale pale. Baada ya alasiri akamwona Bi Kazija anakuja, mkeka kwapani. Akasimama mbele yake.

"Baba Mize, nimesikia hata kutapika kumeandikwa."

"Kumeandikwa, mama Mize. Kwenda na kurudi."

"Basi ni wewe kweli," akasema. Akaingia ndani, akatandika mkeka mahali pake, akamwita aje akae. Akamwambia amhadithie safari yote upya tangu mwanzo, ila leo asiishie kwenye chungu cha uji, amfikishe mpaka siku aliyorudi akaonyeshwa kaburi.

Hekaya yangu imefika mlangoni kwa Bi Kazija, na mimi sikukaribishwa ndani.